Maswali ya Wasomaji: Luni Ameatamia Ziwani Kwetu, Tumlindeje?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinamhusu ndege mmoja, nasi tumeona afadhali tumpe safu nzima. Kwa wasomaji ambao hawajamwona, luni ni ndege wa majini mkubwa kuliko bata, mwenye mgongo mweusi uliojaa miraba midogo myeupe, jicho jekundu na mdomo uliochongoka kama jambia. Majira ya joto huzaliana katika maziwa ya maji baridi ya Canada na ya majimbo ya kaskazini mwa Marekani, na majira ya baridi huishi baharini. Wakanada wanamwona kila siku kwenye sarafu yao ya dola moja tangu mwaka 1987, na jimbo la Minnesota lilimfanya ndege wake rasmi mwaka 1961.

Swali: Ndugu Mhariri, mwaka huu tumehamia kando ya ziwa dogo katika jimbo la New Hampshire. Mwanzoni mwa Juni tuligundua kwamba luni ameatamia kwenye kisiwa kilicho mbele ya nyumba yetu. Watoto wanataka kwenda kumtazama kwa mtumbwi kila jioni. Umbali gani ni salama, na tufanye nini ili tuwe msaada kwake, si usumbufu?

Jibu: Kaeni umbali wa mita 45 au zaidi kutoka kwenye kiota, yaani kama futi 150, na hata mkiwa umbali huo mtazameni ndege mwenyewe kwanza, kwa sababu wapo luni wanaohofu mapema zaidi. Anayeatamia kwa utulivu hukaa kichwa kikiwa juu, akigeuka polepole. Mkimwona amelaza shingo chini, imenyooka juu ya ukingo wa kiota hadi mdomo unakaribia kugusa maji, fahamuni kwamba tayari mmemkaribia kupita kiasi. Wageni wengi hudhani amelala, kumbe anajificha, na hatua yake inayofuata ni kuteleza majini na kuyaacha mayai.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito, inafaa kujua alivyoumbwa. Miguu yake imekaa nyuma kabisa ya mwili, karibu na mkia, mpangilio unaomwezesha kupiga mbizi kwa ustadi ambao ndege wachache wanao, lakini unaomfanya ashindwe kutembea nchi kavu. Akitoka majini hujisukuma kwa kifua. Kwa hiyo hujenga kiota pale pale maji yanapokutana na nchi, kwenye kisiwa kidogo, kwenye matete au ndani ya hori lisilopigwa na mawimbi. Hutaga mayai mawili, mara nyingine moja, yenye rangi ya zaituni iliyokolea na madoa meusi, na dume na jike hupokezana kuyaatamia kwa muda wa siku 28 hivi.

Asubuhi moja ya Juni nilikuwa nimekaa ufukweni na darubini, nikitazama kiota kilichokuwa ng'ambo ya hori. Mtumbwi wenye watu wawili ulitokea nyuma ya rasi, ukaja taratibu, bila kelele yoyote. Luni alishusha shingo. Mtumbwi ukazidi kusogea, naye akajisukuma mara moja tu akatoweka chini ya maji. Alipoibuka alikuwa karibu na mtumbwi, akilia ile sauti ya kutetemeka inayofanana na kicheko, na wale watu wawili wakafurahi sana na kuanza kumpiga picha, wakiamini kwamba amekuja kuwasalimu. Walikaa pale karibu robo saa. Muda wote huo mayai mawili yalikuwa wazi juani, na kwenye tawi la msonobari juu ya kiota alikuwa ametua kunguru. Kunguru yule hakushuka siku ile. Hawakuwa watu wabaya, wala hawakujua walichokuwa wanakifanya, na ndiyo maana nalieleza tukio hili kila ninapoulizwa kuhusu umbali.

Waelezeni watoto wenu kwamba kilio kile ni cha hofu. Luni ana sauti kuu nne. Mlio mrefu unaofanana na wa mbwa mwitu ni wa kumwita mwenzake aliye mbali, ile ya kutetemeka ni ya wasiwasi, mguno mfupi na laini hutumiwa na jamaa walio karibu, na ile ya nne, inayopanda na kushuka kwa nguvu, hutolewa na dume peke yake anapotangaza kwamba eneo ni lake. Mtoto anayeweza kuzitofautisha akiwa amekaa gatini ataujua uhai wa ndege wenu kuliko mtu mzima mwenye kamera karibu na kiota.

Msaada mkubwa mnaoweza kuutoa ni daftari. Andikeni tarehe mliyomwona ameatamia kwa mara ya kwanza, maana ukiongeza siku 28 unapata wiki ambayo makinda yanatarajiwa, na wiki hiyo ndiyo ya kuwaomba majirani wapunguze mwendo wa boti. Andikeni saa ambazo ndege wamepokezana, kila mara kiota kilipoachwa wazi, kimeachwa kwa muda gani, na ni nini kilichokuwa karibu: boti, tai, rakuni (mnyama mdogo anayekula mayai), shakwe, mbwa wa jirani. Msikimbilie kulaumu boti kila kiota kinapoachwa. Katika baadhi ya miaka nzi weusi wadogo wanaofyonza damu humzonga luni kichwani hadi anashindwa kuvumilia na kuyaacha mayai, na mlinzi aliyeona wingu la nzi kwa darubini yake atakuwa ameokoa ugomvi mkubwa wa majirani.

Taarifa hizo zipelekeni kwa Loon Preservation Committee, shirika lililoanzishwa mwaka 1975 katika jimbo lenu hilo hilo, ambalo lina wataalamu wanaofuatilia luni ziwa kwa ziwa. Ikibidi, ndio watakaoamua kama waweke mabango na kamba inayoelea kuzunguka kiota. Msiweke mabango yenu wenyewe. Pale ambapo boti hazipiti, bango huwa ni tangazo la kuwaita watazamaji. Na ndege isiyo na rubani, hata iwe ndogo vipi, ibaki nyumbani.

Swali: Mhariri mpendwa, katika ziwa letu hapa Vermont kiota cha luni kimefunikwa na maji kwa mwaka wa pili mfululizo. Chama chetu cha wakazi kinataka kutengeneza chelezo ili ndege wapate mahali pa kutagia panapoelea. Je, mnaliunga mkono wazo hili?

Jibu: Naliunga mkono nusu. Kabla ya kukata gogo hata moja, ulizeni maji yalipandaje. Ikiwa ziwa lenu lina bwawa kwenye mdomo wake, basi kuna mtu anayefungua na kufunga lango, na mtu huyo ana uwezo wa kuokoa kiota kwa gharama ndogo kuliko chelezo chochote. Kwa kuwa kiota hukaa kwenye ukingo wa maji, kina kikipanda kwa zaidi ya sentimita 15 wakati wa kuatamia, mayai huelea au kupoa. Kina kikishuka kwa zaidi ya sentimita 30, ndege hulazimika kujiburuta kwenye tope ambalo hakulipanga, na rakuni hupata njia kavu. Mwandikieni mwenye bwawa mapema, barafu inapoyeyuka, mkimwomba adumishe kina kimoja kuanzia katikati ya Mei hadi makinda yatoke. Wengi hukubali wanapoelezwa tarehe halisi, na hapo ndipo daftari nililolisema juu linapofanya kazi.

Chelezo ni dawa ya tatizo fulani, si pambo la kila ziwa. Kinafaa pale ambapo jozi ya luni ina eneo lake na imejaribu kutaga kwa miaka kadhaa, walau mitatu, ikashindwa kwa sababu ya maji au wanyama wa nchi kavu. Jozi inayofanikiwa kwenye kisiwa chake haihitaji chelezo, na kuiwekea ni kuihamisha kutoka mahali pazuri na kuipeleka mahali ambapo mwanadamu atalazimika kupahudumia kila mwaka. Pia chelezo kilichowekwa karibu na eneo la jozi nyingine huchochea vita. Luni hupigana kwa mabawa na midomo, na si ajabu dume kufa.

Wataalamu wakikubali, chelezo chenyewe ni kazi ya mikono ya kawaida. Magogo manne ya mwerezi, ambao huelea vizuri na hauozi haraka, huunganishwa kuwa mraba, katikati hutandikwa wavu wa waya, na juu yake huwekwa udongo, majani na mimea ya ufukwe wa ziwa hilo hilo. Kingo mbili au zaidi huachwa ziwe na mteremko laini ili makinda ya siku moja yaweze kushuka na kupanda. Nanga ziwe mbili, kwenye pembe zinazokabiliana, na kamba ziwe na ulegevu wa kutosha kufuata kina cha maji, maana chelezo chenye nanga moja huzunguka usiku kucha na ndege hukikataa. Mahali kinapotia nanga pawe hori lenye utulivu, mbali na njia ya boti. Siku hizi, kwa kuwa tai wenye vichwa vyeupe wameongezeka sana, vyelezo vingi hufunikwa kwa tao la wavu na majani linalomficha ndege kwa juu. Huingizwa majini mara barafu inapoondoka na kutolewa baada ya msimu, kwani barafu ya majira ya baridi hukivunjavunja.

Jimbo lenu lina kila sababu ya kujivunia kazi hii. Mwaka 1983 zilihesabiwa jozi saba tu za luni zilizotaga Vermont nzima. Kwa mabango, vyelezo, makubaliano na wenye mabwawa na uvumilivu wa watu wa kujitolea, luni aliondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini ya jimbo mwaka 2005, na leo jozi zinazotaga ni zaidi ya 100. Ongeeni na watu wa Vermont Center for Ecostudies, ambao ndio wanaoendeleza mradi huo, kabla hamjaamua lolote.

Swali: Mimi ni mvuvi wa ndoana hapa Maine. Nimekatazwa kutumia chubwi za risasi, yaani vile vizito vya kuzamisha ndoana vilivyotengenezwa kwa madini ya risasi, kwa sababu ya luni. Chubwi yangu ni ndogo kuliko harage. Inawezekanaje kitu kidogo namna hiyo kimuue ndege mwenye uzito wa kilo nne au tano?

Jibu: Ndugu yangu, nashukuru umeuliza wazi, maana hili ndilo swali ninaloliona zito kuliko yote katika safu hii.

Luni hana meno, hivyo humeza vijiwe ambavyo hukaa kwenye firigisi na kumsaidia kusaga mifupa ya samaki. Chubwi huingia humo kwa njia mbili: huiokota chini ya ziwa akidhani ni kijiwe, au humeza samaki aliyekata mshipi na kuondoka na ndoana pamoja na chubwi yake. Ikishafika kwenye firigisi, vijiwe huisaga na asidi ya tumbo huiyeyusha, na risasi huingia kwenye damu moja kwa moja. Udogo wake haumsaidii ndege hata kidogo, kwani chubwi moja kama hiyo yako inatosha. Katika muda wa wiki mbili hadi nne huwa amekufa. Kabla ya hapo utamwona kichwa kinatetemeka, anashindwa kupiga mbizi, kisha anajikokota hadi nchi kavu, mahali ambapo luni mzima hapendi kuwapo kabisa, na kukaa tu ufukweni bila kukimbia mtu anapomkaribia. Nimewahi kumwona mmoja katika hali hiyo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, na aliponitazama hakuinua hata shingo.

Sasa linganisha hasara. Kiota kikivunjika, jozi inaweza kutaga tena msimu huo huo au mwakani. Lakini luni huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka sita hivi, na akijaliwa huishi miaka 20, 30 au zaidi. Katika hifadhi ya Seney, Michigan, dume mmoja aliyevishwa pete akiwa kinda mwaka 1987 aliendelea kurudi hata alipopita umri wa miaka 30, na kwa miaka 25 alikuwa na jike yule yule. Ukiua ndege wa namna hiyo umefuta makinda yote ambayo angeyalea kwa miongo miwili iliyobaki, na mara nyingi, akifa katikati ya msimu, mayai au makinda yaliyopo nayo hupotea pamoja naye. Kwa maoni yangu, sanduku la mvuvi lisilo na risasi lina thamani kuliko mabango kumi. Katika New Hampshire risasi ndiyo sababu kuu inayojulikana ya vifo vya luni wazima, na ndiyo maana tangu Juni 2016 jimbo hilo limepiga marufuku kuuza na kutumia chubwi na chambo bandia za risasi zenye uzito wa aunsi moja au chini yake. Maine na Vermont nazo zina sheria zao kuhusu chubwi ndogo, kwa hiyo soma kanuni za mwaka huu kabla ya kutupa mshipi.

Chubwi za bati, chuma cha pua au tangsteni zinapatikana na zinavua samaki vile vile. Zile za risasi usizitupe majini wala kwenye takataka za nyumbani; zipeleke mahali panapopokea taka za sumu, au kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi yanayozikusanya. Na mshipi ukikatika, vuta na ukusanye kila kipande unachoweza kukifikia, kwa sababu luni hunaswa na mshipi pia.

Swali: Ninaishi Ontario na ninajitolea kuhesabu luni ziwani kwetu mara tatu kila msimu. Binamu yangu aliye Maine anasema wao huhesabu kwa nusu saa tu, siku moja kwa mwaka. Je, sisi tunapoteza muda, au wao ndio wanaokosea?

Jibu: Hakuna anayekosea, kwa kuwa maswali yenu ni tofauti. Hesabu ya Maine, inayosimamiwa na Maine Audubon tangu 1983, hufanyika Jumamosi ya tatu ya Julai, kuanzia saa moja hadi saa moja na nusu asubuhi. Kila mtu huhesabu kwa wakati mmoja kwa sababu luni huruka kutoka ziwa hadi ziwa, na bila kufanya hivyo ndege mmoja angeweza kuandikwa mara tatu. Hesabu hiyo hukadiria kuna ndege wangapi katika nusu ya kusini ya jimbo kwa mwaka husika.

Hesabu yenu, ambayo Birds Canada huiendesha tangu 1981, huuliza kama ndege hao wanafanikiwa kulea. Ndiyo maana mnatembelea ziwa mwezi Juni kuona kama jozi ipo, Julai kuona kama makinda yametoka, na Agosti kuona yaliyosalia. Ziwa linaweza kuwa na luni wazima wengi, wenye afya na kelele nyingi, huku kwa miaka mingi halijatoa kinda hata mmoja aliyeruka, na mtazamaji wa siku moja asilijue hilo. Wataalamu hukadiria kwamba idadi ya luni hudumu pale ambapo kila jozi, kwa wastani, inafikisha 0.48 ya kinda kwa mwaka, yaani kama kinda mmoja kwa kila jozi mbili. Ni kumbukumbu za watu kama wewe zilizoonyesha kwamba ufanisi wa kulea nchini Canada umekuwa ukishuka, hasa kwenye maziwa madogo yenye asidi, ambako samaki ni wachache na zebaki huwaathiri ndege zaidi.

Kwa hiyo usiache ziara ya Agosti, hata kama Julai uliwaona makinda wawili. Na usipoona kinda, andika sifuri. Watu wengi huona haya kutuma fomu yenye sifuri, wakidhani hawajaona kitu cha maana, ilhali sifuri hiyo ndiyo inayohitajika kuliko namba nyingine yoyote.

Swali: Tumeona kinda wa luni akielea peke yake katikati ya ziwa, wazazi hawaonekani. Tumchukue?

Jibu: Hapana. Mara nyingi wazazi wako chini ya maji wakivua, au upande wa pili wa ziwa, na kinda ameachwa kimakusudi. Katika wiki mbili za mwanzo utamwona akipanda mgongoni mwa mzazi ili apate joto na kujikinga na tai wa juu na samaki wakubwa wa chini, lakini baada ya hapo huzidi kuachwa peke yake kadiri anavyokua. Mkaeni mbali, mmtazame kwa darubini kwa saa moja au mbili, na boti zipite polepole.

Akiwa amenaswa na mshipi, ana damu, au amepanda ufukweni na haondoki, pigieni simu idara ya wanyamapori ya jimbo au shirika la luni lililo karibu. Msimshike wenyewe: sheria inakataza, na mdomo ule hulenga jicho.

Kama mmemwona mwishoni mwa Oktoba, akiwa na manyoya ya kijivu na ukubwa wa mtu mzima, basi hajatupwa na mtu. Wazazi hutangulia kuelekea baharini, nao vijana hubaki nyuma wiki kadhaa wakijinenepesha, kisha huondoka bila kuonyeshwa njia. Mwendeleeni kumtazama hadi Desemba, lakini kwa sababu nyingine. Luni huhitaji kukimbia juu ya maji mita nyingi, kati ya 30 na mia kadhaa, ndipo aweze kuruka, na barafu ikifunga ziwa kutoka kingoni hubaki na kidimbwi kinachopungua kila usiku. Mkiona maji yaliyobaki wazi yamekuwa mafupi naye bado yumo, pigeni simu siku hiyo hiyo, na msikanyage barafu kumfuata, kwa kuwa waokoaji wana vifaa vya kazi hiyo nanyi hamna.